Herufi Nane

Kazi yangu ni kushona waliokufa.
Sindano namba saba, uzi wa pamba,
kibandiko upande wa kulia, chini.
Miaka kumi na tisa katika chumba hiki cha La Paz
chenye harufu ya nafthalini na chai ya koka iliyopoa,
nimeshona mikunde, nimeshona nyasi zisizojaza kiganja,
sijawahi kuliuliza ua lolote jina lake lilitoka wapi.
Jina ni jina. Limechapwa. Nabandika.

Hadi droo ya mia mbili na sita.
Kijimea cha urefu wa kidole cha mwisho,
petali tano, rangi ya maziwa yaliyoingia jivu,
stameni moja ina manyoya, nne zina vipara.
Nolimeta. Jenasi nzima, spishi moja:
ukoo wa mtu mmoja,
yeye ndiye babu, yeye ndiye kitinda mimba.
Kiling'olewa mwaka thelathini na moja, juu ya Sorata,
kwenye ufa wa mwamba, mita elfu nne na mia mbili,
na Daktari Leandro Urquizo, mtu wa kikohozi,
aliyekuwa na nyumbu watatu wa mizigo
na mpishi.

Penye "jina la kienyeji" ameandika kwa penseli:
jan sutini.
Nilicheka peke yangu, maana Kiaymara nimekinyonya.
Jan sutini: halina jina.
Namwona ameinama, miwani imeshika ukungu,
anauliza, Hili mwaliitaje?
Na mtu aliye nyuma yake, mikono ndani ya shali,
anamjibu ukweli mtupu,
naye anauandika ukweli kama jina.

Katika chapisho lake, ukurasa wa kumi na mbili,
chini ya Asili ya Jina, mstari mmoja tu:
"Mpangilio wa herufi usio na maana."

Ilikuwa Alhamisi, umeme umekatika.
Mimi ni mtu wa chemshabongo, siachi herufi zilale.
Ndani ya bahasha, nyuma ya mbegu, palikuwa na risiti:
Melitona Yujra, mpishi, siku ishirini na sita,
na alama ya dole gumba.
Nikaandika kiganjani.

LI haikusogea, imekaa kama figa.
ME imehamia chumba cha tatu.
TO na NA zimebadilishana kofia,
TA ikaenda uani, NO ikaja mlangoni.
Hakuna iliyopotea, hakuna iliyozidi.
Me-li-to-na.
No-li-me-ta.

Usio na maana, Daktari?
Ulimficha nani asione? Mkeo? Chuo?
Au yeye mwenyewe,
asijue kwamba ana somo yake huko mwambani?
Huenda ilikuwa shukrani. Huenda deni.
Huenda kikohozi kilikubana usiku
na mkono ukakuletea supu,
nawe hukujua supu inaandikwaje kwa Kilatini.
Wino haujibu.
Na kanuni za wataalamu nazijua:
jina likishachapwa halifutwi,
hata likiwa na kosa, hata likiwa na siri.

Agosti nikapanda basi hadi Sorata, picha mkobani.
Akina Yujra wamejaa, Melitona hakuna amkumbukaye.
Sokoni, mama mmoja muuza viazi vya kukaushwa kwa jalidi
aliishika picha mbali na macho, kisha karibu.
"Hili? Lipo huko juu. Halina jina."
"Linalo," nikasema, ulimi ukawa mzito.
"Linatibu nini?"
Halitibu.
"Lama wanalila?"
Hata lama wanalipita.
Akanirudishia picha, akafuta vidole kwenye sketi.
"Sasa huyo mtu alikuwa anatafuta nini?"

Nikanunua viazi, ratili mbili.